Hodi ya Alasiri

Ukumbi wa Manispaa ulikuwa umefurika asubuhi ile. Wa leseni wamebanana na wa vyeti vya kuzaliwa, mashine ya namba imekufa, na askari wa mlangoni anagawa namba alizoziandika kwa mkono kwenye vipande vya boksi. Katikati ya msongamano huo akaingia fundi seremala, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati la bluu limenyooshwa kwa pasi mpaka kwenye kola, na begani amebeba kipande cha fremu ya mlango kirefu kama mtu mzima. Mwenye akili angekiacha nyumbani. Yeye alitaka wakubwa wakione.

Akageuka kuuliza foleni inaanzia wapi. Nyuma yake mafaili yakamwagika sakafuni.

"Kaka, huo mti una leseni ya kutembea mjini?"

Akageuka tena kwa pupa, na watu watatu wakainama kwa mpigo mmoja kujiokoa. Mbele yake alisimama dada mrefu wa gauni la kijani, kitambulisho cha kazi shingoni, nywele kazibana juu kwa penseli. Hakuwa amekasirika kama alivyotaka aonekane.

"Nisamehe, dada yangu. Haujazoea watu."

"Na wewe?"

"Mimi nimeuzoea mti."

Dada akacheka bila kupenda. Fundi akapiga magoti, akaokota faili moja moja, kila moja akilipangusa kwa mkono wa lile shati safi. Alipofika kwenye faili kuukuu lililofungwa kwa uzi, mkono ukasita. Juu yake paliandikwa kwa wino uliofifia: Nyumba namba kumi na tisa, ya urithi.

"Hili ni la kwetu," akasema.

Mambo mengine hayataki mshenga. Huyo dada ndiye aliyekuwa Afisa wa Majengo ya Kale, na asubuhi ile ilikuwa ya kwanza katika historia ya Manispaa ambapo sahihi yake ilikuwa na nguvu. Tangazo lilikuwa ukutani, gundi bado mbichi: Baraza limekasimu mamlaka yake kwa watumishi. Mabadiliko madogo kwenye majengo ya urithi hayatangoja tena Kamati ya Madiwani, iliyokuwa ikikutana kila baada ya miezi mitatu ikipata watu wa kutosha. Afisa atakagua, atasaini, ndani ya siku kumi na nne. Basi.

Mezani kwake alifungua faili. Ndani mlikuwa na maombi matatu ya mama wa fundi, aliyoyaleta ndani ya miaka thelathini, yote yakiomba kitu kimoja: kufungua mlango uliozibwa ghorofani. Na majibu matatu ya Kamati yalifanana neno kwa neno. Kwenye ramani hakuna mlango wala chumba, na kisichokuwepo hakifunguliwi.

"Mama amebisha hodi hapa mara tatu," fundi akasema. "Anasema hodi ni tatu, ya nne ni ukorofi. Ndiyo maana nimekuja mimi."

"Kuanzia leo huihitaji Kamati," Afisa akajibu akitafuta muhuri. "Unanihitaji mimi."

Wote wawili walisikia alichokisema.

"Hilo," fundi akasema taratibu, "nilishaliona tangu mafaili yalipokuwa sakafuni."

*

Afisa alikwenda kukagua siku ya tatu, saa tisa alasiri, raba nyeupe miguuni na futi ya chuma mkononi. Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, imekaa kimya kati ya maduka mawili yenye kelele. Ngazi za mbao zililia kila alipokanyaga. Sebuleni chini, kwenye kiti chenye mito, alikaa mama wa fundi, mama mzee mwembamba mwenye macho makali, khanga mbili na pumzi fupi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa muhuri?"

"Ndiye Bi Muhuri mwenyewe," fundi akadakia, na jina likaganda hapo hapo.

Afisa alipima ukuta wa nje, akatoa unene wa mawe: mita kumi na nne na sentimita ishirini. Akapanda, akapima ndani: kumi na moja na themanini. Akarudia. Fundi alishika ncha ya futi upande wa pili na kusema labda futi imelewa. Hawakucheka sana. Zilipotea mita mbili na sentimita arobaini, upana wa chumba cha kulala.

Kazi yake ilikuwa na desturi moja: lipu ya zamani hupimwa kwa kugongwa. Unakunja kidole, unagonga, unasikiliza. Iliyoshika hujibu nzito, iliyoachia hujibu tupu. Akaanza mwanzo wa ukuta. Nzito. Nzito. Katikati, tupu kabisa. Akateremsha mkono aandike.

Ukuta ukagonga. Mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa mpangilio, kama mgeni mwenye adabu.

Afisa alimtazama fundi. Mikono yote miwili ya fundi ilikuwa kwenye futi. Mtaani kengele ya shule ilikuwa inalia saa kumi.

"Msiitikie!" sauti ya mama ikapanda kutoka chini. "Jamani, msiitikie!"

Walimkuta ameshika kifua. Fundi akampa maji, Afisa akamshika mkono, na mama akasimulia kama mtu anayetua mzigo hatua kwa hatua.

"Dada yangu mkubwa. Baba alileta fundi wa lipu aipake nyumba nzima, dada akawa anampelekea maji ya kunywa. Mnajua maji yanavyoanza. Baba alipogundua akamfukuza yule fundi, na dada akafungiwa chumba cha juu. Siku ya tatu baba anapanda na ufunguo, anakuta mlango hakuna. Mawe yamepangwa mlango mzima, chokaa bado mbichi. Kesho yake akaleta fundi mwingine akapaka lipu huku nje, akatuambia dada ameolewa mbali, asitajwe."

"Na hizo hodi?"

"Nilikuwa na miaka sita, nimekaa kwenye ngazi hiyo. Nikasikia hodi tatu. Baba akaniziba mdomo. Usiitikie. Sikuitikia. Tangu siku ile, kila alasiri. Nimeolewa humu, nimezaa humu, ukuta unabisha na mimi nanyamaza." Akavuta pumzi. "Kama alikuwa hai humo ndani, mwanangu, basi aliyemwacha ni mimi. Daktari ameniambia nisijipangie miezi mingi. Nataka ukuta ufunguliwe nimwone, nimwitikie usoni."

Mlangoni, fundi alimuuliza Afisa kama anaogopa.

"Naogopa."

"Utarudi?"

"Nimesahau penseli yangu juu," akasema. Penseli ilikuwa kichwani.

*

Simu zilianza jioni hiyo hiyo.

"Bi Muhuri, umefika salama?"

"Nimefika. Nimegonga kuta zote za kwangu. Zimekaa kimya."

"Hazina adabu. Za kwetu zinasalimia."

"Fundi, nenda kalale."

"Saa moja hii? Mimi kuku?"

Kesho yake akapiga kuuliza kibali. Keshokutwa akapiga kuuliza chakula gani anapenda, jambo lisilomo kwenye fomu. Alimwambia kwamba mlango wenyewe ameshautengeneza, wa mninga, umeegemezwa ghorofani unangoja ukuta wake. "Umetengeneza mlango wa chumba ambacho hakipo?" akamuuliza. "Nimetengeneza na nafasi moyoni, na wewe hujasema kama upo," akajibiwa, na Afisa akakata simu, akaketi kitandani amejishika mashavu. Alirudi kukagua mara mbili zaidi. Mara ya pili hapakuwa na cha kukagua. Saa kumi ukuta ulipogonga alikuwa ameshika mkono wa fundi, na hakumbuki ni nani aliyeanza kumshika mwenzake.

Siku ya kumi na moja aliiweka fomu mezani. Vipimo vimekamilika, picha zimebanwa, muhuri una wino. Juu ya mstari wa sahihi palikuwa na sentensi ambayo siku zote aliisoma haraka: Mimi niliyekasimiwa mamlaka nathibitisha kwamba sina uhusiano wala maslahi na mwombaji.

Simu ikatetemeka kando ya muhuri. Jina la fundi. Akaitazama simu, akaitazama sentensi.

"Weka tu sahihi, binti," karani wa meza ya jirani akasema, mama wa makamo ambaye hakuna kitu kilichompita. "Moyo haupigwi picha."

"Akijua mtu mmoja tu, kibali kinafutwa na ukuta unazibwa tena. Mama hatapata nafasi ya pili." Akafunika kalamu. "Halafu, sahihi yangu ya kwanza iwe ya uongo? Nyumba ile imenyamaziwa vya kutosha."

Akachukua karatasi nyingine, ya kujitoa. Ilitaka sababu. Aliandika, akafuta, akaandika tena, na karani akajifanya anachonga penseli. Kanuni ilisema faili likihamishiwa Kamati, afisa aliyejitoa hazungumzi na mwombaji mpaka uamuzi utoke. Hata salamu. Akaizima simu na kuifungia kwenye droo, kisha akaenda chooni kulia.

*

Fundi alipata barua ya mistari miwili. Ombi lako limepelekwa Kamati. Afisa husika amejitoa.

Aliisoma akiwa amesimama, karakana nzima ikinukia maranda. Kamati ilikuwa imekaa wiki iliyopita tu, na ijayo ni baada ya miezi mitatu. Alipiga simu mara tisa. Alikwenda dirishani, akaambiwa Afisa yuko nje kikazi. Kweli alikuwa nje, lakini fundi hakuamini. Usiku wa mawazo humpa mtu majibu yote isipokuwa lile la kweli: aliogopa ukuta, au alikuwa anacheza naye, au mtu wa ofisini ni mtu wa ofisini tu. Asubuhi akamwandikia ujumbe. Mama hawezi tena kupanda ngazi. Ahsante kwa huduma yako, Afisa.

Hakuandika Bi Muhuri. Afisa alipoufungua ujumbe alilitafuta jina hilo kwanza.

Nje kikazi ilikuwa hivi: kikao cha dharura kinahitaji sahihi za madiwani watano. Mmoja alimpata saluni kichwa kikiwa kwenye povu, akasaini kwa kidole chenye maji. Wa pili alimngoja nje ya msiba hadi watu walipotawanyika. Wa tatu alimwambia arudi, akarudi. Akamwambia arudi, akaketi kizingitini mpaka mke wa diwani akaona aibu. Siku ya sita alikuwa na sahihi zote tano. Raba nyeupe zilikuwa zimegeuka kahawia.

Kule nyumbani, mama alihamishiwa godoro sebuleni, chini ya ngazi. Hodi nazo zilikuwa zimeanza kupungua nguvu. Fundi alikaa naye kila alasiri na kusikia vizuri: zile tatu bado zilikuja saa kumi, ila ya tatu ilikuwa hafifu, kama ya mkono uliochoka.

"Anachoka," mama akasema. "Tunachoka pamoja."

*

Kikao kilikaa siku ya nane. Fundi aliingia na shati la bluu lisilopigwa pasi, akakaa viti vya wananchi nyuma kabisa. Afisa alikuwa amesimama ukutani, penseli kichwani, macho sakafuni. Hakuinua uso. Fundi akamchukia kidogo, kisha akaona zile raba.

Katibu akasoma kwa sauti yake kavu: "Ombi la nyumba namba kumi na tisa. Afisa aliyekasimiwa amejitoa kwa mujibu wa kanuni. Sababu aliyoitoa, nanukuu." Akasita, akarekebisha miwani. "Nampenda mwombaji. Nimelipima jambo hili kwa siku kumi na moja, nimerudia vipimo, na hakijapungua kitu. Siwezi kusaini kwamba sina uhusiano naye. Naomba Kamati ikae haraka kwa sababu mama yake anaumwa. Mwisho wa kunukuu."

Ukumbi ukacheka wote, hadi yule diwani wa saluni akapiga meza. Afisa alitamani ardhi ipasuke. Mwenyekiti, mzee aliyekuwa amekwishakataa ombi hilo mara tatu kwa miaka thelathini, alifungua faili na kuzitazama zile mita mbili na sentimita arobaini kwa muda mrefu.

"Mwombaji," akasema, "una pingamizi lolote na maelezo ya Afisa?"

Fundi akasimama. "Sina, Mheshimiwa. Nina majuto tu."

Kibali kikapita kwa mikono yote, kwa sharti kwamba Afisa awepo ukuta ukifunguliwa na apige picha za kumbukumbu.

Walikutana koridoni, kati ya kabati la mafaili na ndoo ya kudekia.

"Ungeniambia."

"Kanuni inakataza."

"Ile meseji yangu..."

"Nimeisoma mara nyingi kuliko kanuni." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyazuia. "Uliniita Afisa."

"Nisamehe, mpenzi wangu. Nilikuwa mjinga, nikajitungia maelezo." Akamfuta shavu kwa mkono wa shati. "Twende. Mama anangoja."

*

Ilikuwa saa nane na nusu. Fundi alimbeba mama mikononi mpaka ghorofani, akamkalisha kwenye kiti mbele ya ukuta, karibu na ule mlango mpya ulioegemezwa. Kisha akashika tindo na nyundo. Lipu ilianguka kwa mapande, mawe yakafuata. Jiwe la kwanza lilipotoka, hewa iliyotoka ndani haikuwa ya uozo wala vumbi. Ilikuwa na harufu ya chokaa iliyokorogwa leo.

Alipanua tundu, akaingiza taa, akatazama. Akampisha Afisa.

Chumba kilikuwa kidogo na cheupe. Dirisha lake nalo lilizibwa. Viti viwili vilitazamana, vikombe viwili vya bati sakafuni, na kando yake mwiko wa fundi wa lipu. Mtu hakuwepo. Mfupa haukuwepo, wala unywele. Na upande huu wa ndani, ukuta waliokuwa wakiuvunja ulikuwa umepakwa lipu laini kabisa, umesuguliwa kwa subira mpaka pembeni.

"Umepakwa kutokea ndani," fundi akanong'ona. "Aliyeuziba alikuwa humu humu."

Afisa alinyoosha kidole kwa mazoea ya kazi, akagusa lipu. Kidole kikazama. Baada ya miaka sabini, lipu ilikuwa bado mbichi, na alama yake ikabaki pale.

Walimwambia mama kila kitu, bila kupunguza. Alisikiliza mdomo wazi.

"Walijifungia wenyewe? Wote wawili?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo hawakuwa wanaita msaada." Akaanza kulia, kilio kidogo cha mtoto wa miaka sita. "Walikuwa wanabisha hodi. Walitaka mtu mmoja tu wa nyumba hii awakubali. Baba hayupo. Kaka zangu hawapo. Mwenye nyumba ni mimi. Ruhusa ilikuwa yangu siku zote hizi, na nimekaa nayo mdomoni."

Kengele ya shule ikalia saa kumi. Wakangoja. Ukuta haukugonga. Haukuwepo tena wa kugonga.

"Nimechelewa," mama akasema.

"Sema tu, mama," Afisa akamwambia, amepiga magoti kando yake. "Sema hivyo hivyo."

Mama akainamia lile tundu jeupe. "Karibu, dada," akasema. "Na mwenzako. Karibuni. Karibuni sana."

Kisha hodi zikaja, tatu, zenye nguvu, kutoka chini. Zilikuwa kwenye mlango wa mbele, na zilikuwa upande wa ndani.

"Wafungulie," mama akasema, na uso wake ulikuwa umekunjuka. "Wanaaga."

Walishuka wameshikana mikono. Kwenye ngazi, ambako dakika chache kabla hapakuwa na kitu, palikuwa na nyayo nyeupe za chokaa mbichi, jozi mbili, moja kubwa na moja ndogo, zikishuka sambamba, zikikatiza sebule hadi mlangoni. Ngazi hazikulia walipokuwa wakizifuata. Fundi akavuta komeo. Kitu chenye baridi kikampita begani, kwa upole, na harufu ya chokaa ikatoka nacho kwenda kwenye jua. Nje, nyayo ziliteremka vidato na kuishia lami. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu akajisogeza kando ghafla, akasema, "Samahani, piteni," akatazama nyuma, akashangaa, akaendelea na safari yake.

Walikaa pale mlangoni mpaka mama yule wa kikapu alipopotea kwenye kona. Juu, kwa mara ya kwanza, walimsikia mama akiimba.

"Nyie wawili!" akaita. "Na nyie mnangoja Kamati gani?"

Walipopanda, fundi alikwenda moja kwa moja kwenye ule mlango wake wa mninga. Uso ulikuwa na vumbi la chokaa mpaka kwenye nyusi. Hakuwa na pete wala maneno aliyoyapanga. Akakunja kidole, akagonga ubao mara moja, macho yake kwa Afisa.

"Hodi," akasema.

Akagonga mara ya pili. "Hodi, Bi Muhuri."

Akainua mkono kwa ya tatu, lakini Afisa alikuwa ameshaushika.

"Bado moja," fundi akasema.

"Watu wamengoja vya kutosha nyumba hii," akajibu. "Karibu."